Picha imekwama wapi? Kwa fundi anayeanza kushika laptopu zenye kadi mbili za grafiki

Dada mmoja anayechora ramani za majengo aliniletea laptopu yake saa nne asubuhi. Skrini ya laptopu ilikuwa safi kabisa, lakini monita ya nje ilibaki nyeusi. "Fundi, kesho nawaonyesha wateja michoro, nisaidie," akaniambia. Nikabadilisha waya wa HDMI. Nikaleta monita nyingine. Nikapakua draiva mpya ya Intel (programu inayoendesha chipu ya picha), nikaiweka, nikawasha upya. Giza. Ilipofika saa kumi jioni nilikuwa nimegusa kila kitu isipokuwa chenye kosa.

Device Manager, orodha ya vifaa ndani ya Windows, nilikuwa nimeifungua asubuhi, lakini niliitazama juu juu, nikitafuta alama ya njano. Sikuiona, nikaridhika. Jioni nikakaza macho. Chini ya Display adapters kulikuwa na majina mawili, Intel na NVIDIA, na kwenye kipicha cha NVIDIA palikuwa na mshale mdogo sana unaoelekea chini. Mshale huo maana yake kifaa kimezimwa. Ukifungua sifa zake unakuta Code 22. Nikakiwasha kwa Enable device, skrini ikapepesa mara mbili, monita ikawaka. Kumbe mtu alimshauri dada aizime kadi ile ili betri idumu.

Kosa langu lilikuwa kuamini kwamba skrini ya ndani ikiwa nzima, grafiki yote ni nzima. Laptopu nyingi za kazi nzito zina chipu ndogo ya grafiki ya Intel au AMD ndani ya prosesa, na kadi kubwa pembeni. NVIDIA walitangaza mpangilio huo kwa jina la Optimus mwaka 2010: kadi kubwa inachora, kisha picha inapitishwa kwa chipu ndogo ndiyo iifikishe kwenye skrini ya ndani. Matundu ya nje ni habari nyingine. Mtengenezaji ndiye anayeamua yaunganishwe wapi, na kwenye mashine nyingi za aina hii HDMI na DisplayPort hutoka moja kwa moja kwenye kadi kubwa. Kadi ikizimwa, ndani kunaonekana na nje ni giza.

Kwa hiyo, kabla hujashika draiva, jua picha inatoka chipu ipi na inapita tundu gani. Ndani ya NVIDIA Control Panel, ukurasa wa PhysX una mchoro unaoonyesha kila skrini imeshikwa na kadi ipi. Kwenye Linux, andika ls /sys/class/drm uone card0 ina matundu gani na card1 ina yapi. Ni kazi ya dakika mbili. Mimi iliniokolea siku nzima nilipoijua, na ninasikitika kwamba hakuna aliyeniambia mapema.

Yale mepesi yapitie haraka: kitufe cha Windows pamoja na P (kuchagua skrini ipi ionyeshe picha), chanzo cha picha kilichochaguliwa kwenye monita yenyewe, na kuichomoa monita ukutani kwa dakika moja, hasa kama umeme ulikatika na kurudi. Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja huanzisha upya draiva ya grafiki bila kufunga kazi ya mteja. Jaribu hiyo kabla ya kuzima mashine.

USB-C inahitaji uvumilivu zaidi, kwa sababu tundu ni lile lile kwa umbo lakini kazi ni tofauti. Chukua tochi ya simu, angalia alama pembeni yake. Radi ni Thunderbolt, nayo inatoa picha. Herufi D iliyoungana na P ni DisplayPort. Ukikuta alama ya USB peke yake, usimwahidi mteja chochote mpaka usome maelezo ya modeli hiyo. Na waya je? Nyaya nyingi za USB-C zinazokuja na chaja za simu hubeba umeme na data ya kasi ya USB 2.0 tu, picha haipiti humo hata monita iwe mpya. Doki, vile visanduku vya kuiongezea laptopu matundu, nazo ni za aina mbili. Zipo zinazotumia njia ya picha ya laptopu yenyewe, na zipo za DisplayLink, ambazo hubana picha kwa prosesa na kuipitisha kama data ya USB, na zinadai draiva yao. Kwa barua pepe na jedwali za hesabu, DisplayLink inatosha. Kwa mtu anayezungusha jengo zima la 3D, mimi simshauri.

Kuna malalamiko utayasikia sana: "Fundi, kipanya kimekuwa kizito kwenye monita mpya." Usikimbilie kusafisha virusi. Fungua Settings, System, Display, kisha Advanced display, usome idadi ya Hz, yaani picha inachorwa upya mara ngapi kwa sekunde. Ukikuta 30 kwenye monita ya 4K, huenda mahali fulani njiani kuna kitu cha toleo la zamani la HDMI 1.4, mara nyingi adapta ya bei rahisi. HDMI 2.0 inabeba 4K kwa 60 Hz. Kumbuka pia kwamba adapta ya DisplayPort kwenda HDMI ni ya upande mmoja. Ukiigeuza haifanyi kazi.

Ikiwa kosa ni draiva kweli, iondoe kwa DDU, programu ya kufuta draiva kabisa, ukiwa Safe Mode, na intaneti uwe umeizima ili Windows isiwahi kuweka ya kwake. Anza na draiva za mtengenezaji wa laptopu, ya Intel kwanza, ya NVIDIA baadaye. Skrini ikizimika sekunde chache na kurudi kazi inapokuwa nzito, tazama Event Viewer, daftari la matukio la Windows. Namba 4101 inasema draiva iliacha kujibu, na Windows kwa kawaida huisubiri sekunde 2 tu. Hapo pima joto kwa amri ya nvidia-smi na uangalie chaja. Mashine iliyouzwa na chaja ya wati 170 ukiilisha wati 65, kadi kubwa haitapata inachohitaji.

Code 43 (Windows imekisimamisha kifaa kwa sababu kimeripoti hitilafu) ikibaki hata baada ya draiva safi, washa Ubuntu kutoka kwenye flashi. Kadi ikikataa huko pia, uwezekano mkubwa chipu imekufa. Tafadhali usiichome kwa hewa ya moto ukamtoza mteja hela. Inaweza kuamka, ila nilizoziona zikiamka zilikufa tena baada ya muda mfupi, na hela ya mtu ilikuwa imekwenda.

BIOS, mipangilio ya mashine inayotangulia Windows, iguse kwa adabu. Wengi huhamisha Hybrid (chipu zote mbili) kwenda Discrete (kadi kubwa peke yake) ili kujaribu. Kama kadi kubwa ni mbovu, hata skrini ya ndani itazimika, na huna pa kusoma ili urudi nyuma. Halafu kuna BitLocker, ulinzi wa Windows unaofunga diski: mabadiliko ya BIOS yanaweza kuifanya idai ufunguo wa tarakimu 48. Muulize mwenye mashine kabla, na asikuambie tu kwamba anao, muombe auonyeshe. Nimemwona mwanafunzi wa chuo akilia mezani kwangu kwa ajili ya ufunguo huo, na tasnifu yake ilikuwa humo ndani.

Nikimaliza mashine, nakata kipande cha plasta ya karatasi, naandika kwa kalamu ya wino mzito tundu lipi linatoa 60 Hz na kwa waya upi, nakibandika chini ya laptopu. Cha yule dada bado kipo, na chini ya maandishi yangu ameongeza ya kwake: "NVIDIA isizimwe."