Ni Bayi aliyeshinda Christchurch 1974, si Walker

Hapana mkuu, umesema mbio bora kuliko zote ni mita 1500 za Michezo ya Jumuiya ya Madola 1974, na kwamba alishinda John Walker wa New Zealand. Alishinda Filbert Bayi wetu, Mtanzania. Walker alikuwa wa pili. Bayi alimaliza kwa 3:32.16, rekodi ya dunia. Walker alikuja na 3:32.52, naye akawa ameivunja rekodi ya zamani ya Jim Ryun (3:33.1) na bado akapoteza! Nadhani unachanganya na rekodi ya dunia ya maili moja: hiyo Bayi aliiweka Mei 1975, Walker akamnyang'anya Agosti mwaka huohuo.

Video ipo YouTube. Juzi tuliitazama kijiweni hapa Majengo, Dodoma, kwenye simu ya bodaboda mmoja yenye kioo kilichopasuka. Bayi anaongoza tangu mwanzo, mita 400 za kwanza chini ya sekunde 55, hasubiri mtu. Mwishoni Walker anamkaribia kweli, ila mstari unawahi kufika.

Kama ndizo mbio bora kuliko zote, hapo tubishane. Wanaotetea mita 800 za Mkenya David Rudisha, Olimpiki ya London 2012, wana hoja yao. Ila muda ule wa Bayi ulibaki rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola hadi 2022.