Wapenzi Walionyamaziana kwa Miaka Minane

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na dada yangu tunabishana tangu mfungo wa Ramadhani juu ya wapenzi bora katika riwaya. Yeye anashikilia kwamba hakuna wanaowazidi Elizabeth Bennet na Bwana Darcy wa Pride and Prejudice, nami naona kuwa watu walioanza kwa kudharauliana hawafai kuwa mfano wa mapenzi. Wewe unawachagua akina nani?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, dada yako ana hoja, kwa kuwa posa ya kwanza ya Darcy inakataliwa, na kukataliwa huko ndiko kunakomfanya ajitazame na kujirekebisha. Hata hivyo, Jane Austen, aliyeitoa riwaya hiyo mwaka 1813, alituachia wapenzi wengine ninaowapenda zaidi, nao ni Anne Elliot na Kapteni Frederick Wentworth wa Persuasion, riwaya iliyochapishwa baada ya mwandishi kufariki mwaka 1817.

Anne alikuwa na umri wa miaka 19 alipochumbiwa na Wentworth, ofisa kijana wa jeshi la majini la Uingereza asiye na mali, kisha akauvunja uchumba kwa ushauri wa Lady Russell, rafiki wa marehemu mama yake. Inapita zaidi ya miaka minane. Wentworth anarudi akiwa kapteni mwenye pauni 25,000 alizozipata kwa kuteka meli za adui, na kwa kuwa uchungu haujamtoka, anachangamka na kila mtu sebuleni isipokuwa Anne.

Austen hatuambii kwamba moyo wa mwanamume huyu ungali pale pale. Anatuonyesha Anne akiwa amepiga magoti kumwuguza mpwa wake, huku mdogo wa mgonjwa huyo akimng'ang'ania shingoni na kukataa kushuka, mara anahisi mzigo umemwondoka. Ni Wentworth aliyemchukua mtoto bila kutamka neno. Siku nyingine, katika matembezi marefu, ni yeye anayetambua kwamba Anne amechoka, akamsaidia kupanda gari la farasi. Nimekisoma kitabu hiki mara nyingi, na kila ninapofika hapo kwenye gari husita kufungua ukurasa unaofuata, kwa sababu mtu mwenye hasira ambaye bado anauona uchovu wa mwenzake amekwisha kujisaliti.

Yapo pia mambo ya uandishi wenyewe. Kwanza Austen aliandika mwisho ambamo Wentworth anatumwa na shemeji yake, Admirali Croft, amwulize Anne kama ni kweli ataolewa na binamu yake. Hakuridhika nao, akauandika upya mwaka 1816, na kurasa alizoziacha zimehifadhiwa hadi leo zikiwa na mwandiko wake. Katika mwisho mpya, Anne anajadiliana na Kapteni Harville kuhusu nani hudumu zaidi katika kupenda, mwanamume au mwanamke, hali Wentworth ameketi karibu akiandika. Anayasikia maneno yake, na hapo hapo anaanza kumwandikia barua Anne. Mwanzoni Anne alikuwa wa kuulizwa tu, lakini sasa sauti yake mwenyewe ndiyo inayomrudisha mpenzi aliyempoteza kwa kusikiliza sauti za wengine, na kwa badiliko hilo moja riwaya nzima imepata uzito ambao sijaukuta kwa Elizabeth na Darcy.

SWALI: Je, katika riwaya za Kiswahili kuna wapenzi wa kuwekwa katika safu hiyo?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Wapo, nami nawataja bila kusita Yasmin na Denge wa Vuta N'kuvute, riwaya ya Shafi Adam Shafi iliyotoka mwaka 1999. Yasmin, binti mwenye asili ya Kihindi, anamkimbia Raza, mume aliyemzidi umri kwa miaka mingi, na baada ya kukataliwa na jamaa zake anapokewa na rafiki yake Mwajuma. Denge, anayempenda, anaandamwa na polisi wa serikali ya kikoloni huko Unguja, kwa hiyo kila saa wanayokaa pamoja ni saa ya kuibia. Amil Shivji aliitengenezea filamu mwaka 2021, lakini nakusihi uanze na kitabu, usikilize kwanza mazungumzo ya Yasmin na Mwajuma katika Kiswahili chao cha Unguja.