Maswali ya Wasomaji: Draiva za Taa za Uwanja Zifungwe Wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni katibu wa timu ya mpira wa miguu ya mtaa hapa Sahare, Tanga. Baada ya kuchangishana kwa muda mrefu, tumepata fedha za kusimamisha nguzo nne za mita 18, kila nguzo ikiwa na taa sita za LED za wati 500. Fundi wetu anataka draiva, yaani kile kifaa kinachobadili umeme wa kawaida ili uweze kutumiwa na LED, zibaki juu nyuma ya taa kama zilivyotoka kiwandani. Muuzaji anasema zinaweza kushushwa. Mjumbe mmoja wa kamati anapendekeza zote 24 ziwekwe katika kibanda kimoja kando ya uwanja, zilindwe kwa kufuli moja. Uwanja uko jirani kabisa na bahari. Tufuate ushauri wa nani?

JIBU: Ndugu Katibu, ninawashauri mzishushe, lakini si mpaka kibandani. Kila nguzo ibebe draiva zake sita ndani ya kasha lililofungwa kwenye nguzo hiyohiyo, mita tatu na nusu hivi kutoka ardhini, kwa sharti moja linalohusu volti za taa mnazonunua, ambalo nitalieleza baadaye kidogo.

Wengi wanaojadili jambo hili huanza na joto, wala hawakosei. Ndani ya draiva mna kapasita, yaani vifaa vidogo vinavyohifadhi chaji ya umeme, zenye majimaji yanayokauka polepole kadiri zinavyopata joto, na kanuni wanayoitumia mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka hupunguza umri wa kapasita kwa nusu. Lakini hebu tupige hesabu ya uwanja wenu. Draiva nzuri huandikiwa saa 50,000 kwa kiwango cha joto kilichotajwa na kiwanda, nanyi mtawasha taa pengine saa tatu kila usiku, tena baada ya jua kuzama. Hiyo ni zaidi ya miaka 45. Hata joto likiula nusu ya umri huo, bado mnabakiwa na zaidi ya miaka 20. Kwa hiyo, kwenye uwanja wa mtaa ulio pwani, ninachokihofia zaidi ni chumvi, unyevu na radi, ambavyo vinaweza kuiua draiva kabla haijazeeka, na jambo la kujiuliza mapema ni nani ataifikia siku hiyo, na kwa gharama gani.

Draiva ikifia juu ya nguzo ya mita 18, mtahitaji kukodi gari lenye kikapu cha kunyanyulia mafundi, au kumpata fundi mwenye mikanda ya usalama na mafunzo ya kupanda, kwa ajili ya kifaa kinachobadilishwa kwa muda mfupi tu kikiwa mkononi. Gari zito kama hilo likiingia uwanjani wakati wa masika litaacha makorongo ambayo wachezaji watayalalamikia mwaka mzima. Nimeona viwanja ambavyo taa moja ilizimika, ikaachwa, kisha ya pili ikaachwa, kwa sababu tu kila mara gharama ya kupanda ilizidi bei ya kifaa chenyewe. Draiva iliyo mita tatu na nusu hufikiwa kwa ngazi ya kawaida, huku mtoto anayecheza chini haifikii, na maji ya mvua yakituama uwanjani hayaigusi. Tena mnaupunguzia mzigo ule msalaba wa juu unaobeba taa, na eneo linalopigwa na upepo linapungua.

Sasa nije kwenye chumvi, kwa kuwa hapo ndipo viwanja vya pwani huharibikiwa. Kwetu Tanga, uwe msimu wa kusi au wa kaskazi, upepo hutokea upande wa baharini, na Sahare hamna kizuizi. Kasha la chuma lililopakwa rangi tu halifai. Chagueni la plastiki ngumu iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo, au la chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, lenye kiwango cha IP66, yaani lisilopitisha vumbi wala maji yanayorushwa kwa nguvu. Watu huamini kwamba kasha lililozibwa kabisa liko salama, kumbe kasha huvuta pumzi: mchana jua hulipasha, hewa ya ndani hutanuka na kupenya nje, usiku hupoa na kufyonza hewa yenye unyevu na chumvi kupitia ufa wowote, hata wa uzi wa nati. Baada ya miezi kadhaa maji hukusanyika ndani ya kasha ambalo halijanyeshewa hata tone. Dawa yake ni kizibo maalumu chenye utando unaopitisha hewa na kuzuia maji, kifungwe upande wa chini. Waya zote nazo ziingilie chini kupitia glandi, yaani vizibo vinavyoubana waya unapoingia kwenye kasha, zikiwa zimepindwa kidogo kabla ya kuingia ili maji yadondokee nje. Mtu asiwashawishi kutoboa juu ya kasha na kuziba kwa silikoni. Kasha liwe jeupe, liwe na nafasi kati ya draiva moja na nyingine, na lifungwe kwa mikanda badala ya kutoboa nguzo, kwa sababu kila tundu jipya huondoa zinki inayoilinda nguzo.

Sharti nililolitaja ni hili. Draiva ikitengwa na taa, umeme wa mkondo mnyoofu (DC), ule unaotoka kwenye draiva kwenda kwenye LED, unapaswa kusafiri kutoka kwenye kasha hadi juu, na sehemu yake hupotea njiani. Taa ya wati 500 inayotumia volti 54 huvuta zaidi ya ampea tisa. Kwa waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, mita 18 kwenda na 18 kurudi, hupotea karibu volti mbili na nusu na wati 23 kwa kila taa. Taa ya wati hizohizo inayotumia volti 250 huvuta ampea mbili tu, na upotevu ni kama wati moja. Basi ombeni kwa muuzaji, kwa maandishi, taa za volti ya juu, pamoja na urefu wa waya ambao kiwanda kinauruhusu kati ya draiva na taa bila kuvunja dhamana. Akikataa kuandika, zibakizeni draiva juu, kwa maana dhamana iliyovunjika ni hasara kubwa kuliko kukodi gari. Na fundi akumbuke kwamba volti 250 za mkondo mnyoofu huua. Azime, asubiri kapasita ziishiwe chaji, apime, ndipo aguse.

Kuhusu kibanda, kwa taa za volti ya juu upotevu ungevumilika. Ninakikataa kwa sababu nyingine. Mtalazimika kupitisha jozi 24 za waya kuzunguka uwanja badala ya kebo moja kwa kila nguzo, na draiva 24 zenye ufanisi wa asilimia 94 hutoa kama wati 770 za joto, karibu na joto la pasi ya umeme iliyoachwa ikiwaka chumbani. Paa la kibanda likivuja, uwanja mzima unalala gizani.

Kwa upande wa radi, wekeni kinga ya mapigo ya umeme ndani ya kila kasha, na nyingine juu karibu na taa, kwa kuwa waya mrefu kati yake huokota msukumo wa radi hata ikipiga mbali. Kinga hizo hazina kazi bila ethi nzuri, yaani waya unaoupeleka umeme ardhini; mafundi wengi hulenga ukinzani wa omu 10 au chini, na kipimo kirudiwe kila mwaka wakati wa kiangazi, udongo ukiwa mkavu. Draiva huvuta umeme mwingi sana kwa kitambo kidogo zinapowashwa, hivyo washeni nguzo moja baada ya nyingine. Nunueni pia draiva mbili za akiba za aina ileile, sasa hivi, kabla toleo halijabadilika.

SWALI: Mimi ni mwalimu Bagamoyo. Tunafunga taa nne za wati 200 kwenye nguzo za mita nane, uwanja wa netiboli. Je, nasi tushushe draiva?

JIBU: Hapana, Mwalimu. Kwa urefu huo jukwaa dogo la mafundi linatosha, na kila kiungio mnachoongeza ni mlango mwingine wa chumvi. Ziacheni ndani ya taa, ila mkague kwamba boliti za chuma kisichoshika kutu hazigusi alumini moja kwa moja. Pasipo washa (kile kipete cha boliti) ya plastiki katikati, ni alumini ndiyo italiwa, na mfuniko wa taa utaanza kupitisha maji.