Pompa ya mota, zabibu zangu, na kosa la mahindi

Mwenye kufika kwangu, kwenye barabara ya Kipushi, hapa Lubumbashi, mji wa shaba nchini Kongo, huuliza kwanza kama zile ni zabibu kweli. Ni zabibu kweli: mizabibu arobaini kwenye waya na nguzo za mkaratusi. Kisha huuliza napiga dawa gani. Najibu, "Upepo." Wengi hudhani nawaficha kitu.

Sifichi. Miaka mitatu ya kwanza nilitumia pompa ya mkono, ile unayoibeba mgongoni na kuipampu hadi bega linauma. Dawa ilikuwa hii hii ya leo. Nilipiga, majani yakang'aa, nikalala nimeridhika. Mvua za Desemba zikija, juu ya majani yanatokea madoa ya njano kama matone ya mafuta, na ukigeuza jani unakuta manyoya meupe. Huo ndio ubwiri vinyoya. Unaingilia kwenye vitundu ambavyo jani linapumulia, na kwa mzabibu vitundu hivyo viko upande wa chini. Mimi nilikuwa nalowesha juu tu. Nilifunga dirisha, mwizi akapita mlangoni.

Pompa ya mota ilibadilisha jambo hilo moja. Ina injini ndogo ya petroli, feni, bomba nene na tangi la lita 14. Feni inapuliza kwa nguvu, dawa inapasuka kuwa matone madogo sana, na upepo wenyewe unayapindua majani ili dawa ifike chini. Simama mita moja na nusu kutoka kwenye mstari, tembea polepole, na uangalie majani: yote yanageuka pamoja, kama mikono kanisani wakati wa kusifu. Yasipogeuka, unatembea haraka mno. Yakianza kuchanika, umesogea karibu mno.

Ni nzito, nasema mapema. Ikijaa inapita kilo 20, na kelele yake inahitaji vizuia sauti masikioni. Petroli changanya na oili kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine. Yangu inataka 1 kwa 50, yaani mililita 20 za oili kwa kila lita. Kipimo cha macho kinaua pistoni, na fundi atafurahi kukuona.

Sasa huo upepo. Mimi napogoa mara mbili kwa mwaka. Pogoa ya Agosti inaleta maua mwezi wa Oktoba, joto likiwa kali na mvua ikikaribia. Ua la mzabibu ni dogo, huwezi hata kuliita ua: lina kofia ya kijani inayong'oka na kuanguka. Tatizo ni kwamba kofia nyingi hazianguki chini. Zinanasa ndani ya kishada pamoja na nyuzi za maua zilizokauka, punje zinakua na kuzibana, halafu mvua inakuja. Takataka ile iliyolowa ndicho chakula cha kwanza cha ukungu wa kijivu. Kishada kinaonekana kizuri kwa nje, ukikipasua unakuta katikati kimeoza na kinanuka siki.

Kwa hiyo maua yakishamalizika na vipunje vikishashika, navaa mashine tangi likiwa tupu. Nasubiri saa nne asubuhi, umande uwe umekauka, napunguza mota hadi katikati, na napitisha bomba kwenye vishada kimoja baada ya kingine. Utaona vumbi la rangi ya udongo linatoka ndani. Narudia baada ya wiki moja. Punje zikianza kugusana, acha, kwa sababu upepo haupenyi tena. Na usipulize bustani iliyolowa ambayo tayari ina ugonjwa: utakuwa unausafirisha kwa mota hadi kwenye mizabibu iliyokuwa mizima.

Huko Ulaya kuna mashine za kufungwa kwenye trekta, zinazopiga hewa ya kompresa kwa vishindo, zikichana majani yanayofunika vishada na kufagia mabaki ya maua kwa mkupuo mmoja. Mimi majani nayatoa kwa vidole, upande wa mashariki tu. Jua la asubuhi linakausha kishada, lakini jua la alasiri la Oktoba linakichoma.

Dawa yenyewe ni mrututu, yaani ile chumvi ya buluu ya shaba, na chokaa. Mtu wa Lubumbashi kununua shaba kwa kupimiwa gramu, tena karibu na ule mlima mweusi wa masalia ya kuyeyushia shaba, ni kichekesho, lakini ndivyo ilivyo. Mchanganyiko huu ulijulikana Ufaransa, sehemu za Bordeaux, ambako wakulima walipaka mizabibu ya kando ya barabara ili wapita njia waogope kula zabibu. Mwaka 1882 profesa Millardet akaona kuwa ile iliyopakwa ndiyo iliyobaki na majani, akaufanyia kazi na kuutangaza mwaka 1885. Dawa ya wezi ikawa dawa ya ubwiri.

Kwa lita 10 za maji: gramu 100 za mrututu kwenye ndoo moja ya plastiki, gramu 100 za chokaa kwenye nyingine. Mimina mrututu ndani ya chokaa, usifanye kinyume chake. Kisha tumbukiza msumari safi kwa dakika moja. Ukitoka na ngozi nyekundu ya shaba, chokaa haijatosha na majani yataungua. Ongeza kidogo, pima tena. Chuja kwa kitambaa, la sivyo nozeli itaziba ukiwa katikati ya mstari. Tumia siku hiyo hiyo. Na usipige kila unapojisikia, maana shaba haiondoki kwenye udongo, na udongo wa huku una ya kwake ya kutosha.

Kosa langu kubwa halikuhusu ugonjwa wowote. Mwaka juzi jirani, baba mmoja muungwana sana, aliazima mashine yangu apige dawa ya magugu kwenye mahindi. Kijana anayenisaidia aliirudisha akasema, "Mama, niliisafisha muzuri, maji mara tatu." Nami nilimwamini, kwa sababu tangi lilikuwa halinuki. Wiki moja baada ya kupiga mrututu, majani machanga yalianza kutoka yamejikunja, mishipa imebanana, ncha zimechongoka kama feni ya mkono. Nilidhani ni ugonjwa mpya. Nikatafuta dawa ya ugonjwa huo wiki mbili nzima. Kumbe jirani alikuwa ametumia 2,4-D, ambayo mahindi hayaijali lakini mzabibu unaumia hata kwa masalia yaliyoganda ndani ya mipira ya bomba. Maji matupu hayaitoi vya kutosha. Mistari miwili haikuzaa msimu ule.

Hata bila kuazimisha, jihadhari na upepo wa mashamba ya jirani. Siku hizi nazungumza na wenye mahindi kabla ya Novemba, nawaomba wapige asubuhi kukiwa kumetulia.

Zabibu za pogoa ya pili, ya Februari, navuna Julai. Hazina shida ya mvua. Zina shida ya vumbi. Magari yakipita, kila punje inavaa koti jekundu, na majani yenye vumbi yanavutia utitiri. Hapo mashine inafanya kazi ya ufagio: tangi tupu, mara moja kwa wiki. Sivioshi vishada kwa maji vikiwa mtini, kwa kuwa ngozi ikilowa usiku wa baridi inapasuka na nyuki wanajua kabla yangu.

Jirani alikuja tena Desemba iliyopita, na kofia mkononi. Nilimpa ile pompa yangu ya zamani ya mkono, iwe yake moja kwa moja. Nimeandika juu ya tangi la mota kwa rangi nyeupe: ZABIBU TU. Kijana wangu akaongeza chini yake kwa mkaa: HATA KAMA IMESAFISHWA MUZURI.