Printi kwanza ndo uanze kujisifu: laiauti (mpangilio wa kurasa) ya jarida la projekti ya media

Projekti yangu ya kwanza ya media niliambiwa nitengeneze jarida, yaani kava, ukurasa wa yaliyomo na makala moja ya kurasa mbili zinazotazamana, nikaona hii si kazi maana mambo ya kuediti picha kwenye simu nilikuwa nayafanya kila siku. Nikafungua programu, nikamwaga picha, nikachagua fonti sita (ndiyo, sita, kila moja niliiona inapendeza), na kwenye laptopu kitu kikang'aa balaa. Siku ya kukusanya ndo nikaprinti kwa mara ya kwanza. Maandishi makubwa kama ya kitabu cha chekechea, picha ya kava ina ukungu, na dada niliyemuweka katikati ya zile kurasa mbili amemezwa na mkunjo, pua hana. Mwalimu akaliangalia jarida, akaniangalia na mimi, akauliza, "Huyu ni nani?"

Sasa we kama una kazi ya namna hii, printi mapema, hata nyeusi na nyeupe, hata kwa printa mbovu, ila iwe saizi ileile ya jarida. Skrini inadanganya sana kwa sababu muda wote unakuza na kupunguza na hujui tena kitu kina ukubwa gani kikweli. Mi makala yangu niliiandika pointi 12, kwenye skrini ikaonekana sawa tu, lakini chukua jarida lolote la kweli uliweke pembeni, maandishi ya makala mara nyingi yanacheza kwenye pointi 9 au 10, na kutoka mstari hadi mstari wanaongeza kama pointi 2 au 3 hivi juu ya hapo ili yapumue. Ukiweka 12 kwenye safu nyembamba kila mstari unabeba maneno matatu basi.

Na hapa kwenye safu nyembamba Kiswahili kina shida yake ambayo mafunzo mengi ya mtandaoni hayakuambii. Maneno yetu marefu bwana. "Wanaotutegemea" peke yake linakula nusu ya safu, sasa ukibonyeza ile ya kunyoosha maandishi pande zote mbili, programu inatawanya maneno na kuacha mashimo meupe yanayoshuka kama mto katikati ya aya. Ukiiruhusu ikate maneno ndo balaa zaidi, kwa sababu kama imewekewa Kiingereza inakata kwa kanuni za Kiingereza, unaweza kukuta "nyumba" imekatwa "ny" mstari huu na "umba" mstari unaofuata. Silabi zetu nyingi zinaishia na irabu kwa hiyo ilitakiwa iwe nyu-mba. Mi siku hizi nazima kabisa hiyo ya kukata maneno, naanzia maandishi kushoto, kulia naacha yaishie yanapoishia, na safu nazifanya mbili badala ya tatu. Inasomeka vizuri tu.

Gridi, yaani ile mistari ya kugawia ukurasa ambayo haiprintiwi, nilikuwa naiona kama jela. Naomba msamaha. Ukigawa ukurasa safu 12 unapata uhuru mkubwa, maana 12 inagawanyika kwa 2, 3, 4 na 6, kwa hiyo makala inaweza kukaa kwenye safu mbili pana, kisanduku cha pembeni kikachukua upana wa robo, picha ikachukua theluthi mbili, na bado kila kitu kinashikana na mistari ileile. Ile laiauti yangu ya kwanza watu walikuwa wanasema "kuna kitu hakijakaa" bila kujua ni nini, kumbe picha ilikuwa imepishana na kichwa cha habari milimita mbili. Jicho linaona hata kama mdomo haujui kusema.

Mkunjo sasa. Kabla hujagusa kompyuta chukua karatasi za kawaida, zikunje katikati, piga stepla, andika namba za kurasa kwa kalamu uchore na vibox vya picha. Hapo utaelewa mwenyewe kwa nini jarida la stepla lazima kurasa zigawanyike kwa 4, ukiwa na 10 itabidi uongeze mbili au upunguze mbili. Utaona pia ukurasa namba 1 uko kulia, na kurasa zipi zinatazamana. Uso wa mtu, namba ya simu, neno la kichwa, usiviweke pale kwenye mkunjo.

Picha nitasema kwa ufupi. Kwa kuprinti vizuri unahitaji pikseli 300 kwa kila inchi, kwa hiyo kava ya A4 (milimita 210 kwa 297) inataka picha ya kama 2480 kwa 3508, na kama inajaa ukurasa mzima ongeza milimita 3 kila upande za kukatwa. Ile uliyotumiwa WhatsApp kwa njia ya kawaida imeshapunguzwa, muombe aliyepiga akutumie kama faili au kwa imeili. Na yale mabluu na makijani ya kuwaka ya skrini wino wa CMYK (zile rangi nne za printa: samawati, majenta, njano na nyeusi) hauwezi kuyatoa, yanatoka yamefubaa, usije ukagombana na mtu wa printa bure.

Kuhusu programu watu wanabishana sana, InDesign, Canva, Scribus ambayo ni ya bure, mi naona tumia unayoijua, ila Word kwa jarida utajitesa.

Kilichonisaidia zaidi kwenye kuboresha ni kuacha kuwauliza wanadarasa wenzangu. Wao wanajua unachojaribu kufanya kwa hiyo wanakusifia. Mpe mtu asiyehusika kabisa, mfungulie zile kurasa mbili, hesabu mpaka tano, funga, muulize ameona nini kwanza. Mi wa kwanza kumuuliza aliniambia ameona kisanduku cha njano. Makala ilikuwa kuhusu msichana anayetengeneza pikipiki, na kisanduku kilikuwa tangazo la kubuni nililolichomeka kujaza nafasi! Nikakitoa, nikaiacha ile nafasi wazi, na ukurasa ukatulia. Toka fonti sita nikabaki na mbili.

Halafu kila ukibadilisha usisevu juu ya ile ya zamani, ipe namba mpya, na andika mstari mmoja kwa nini umebadilisha, kwa sababu mwisho wa projekti utaulizwa maamuzi yako na kama huna kumbukumbu utaanza kutunga.

Yule dada asiye na pua nilimsogeza sentimita 4 kulia, drafti ya saba nikaprinti, safari hii katoka mzima, mkunjo umepita kwenye ukuta nyuma yake. Nikampelekea mwenyewe aone. Akaangalia weee, akatabasamu, halafu akaniwekea kidole kwenye kapsheni, nimekosea jina lake.