Hakupiga, lakini amepatikana na hatia ya mauaji. Rufaa itamsaidia?

SWALI: Hujambo wakili. Kaka yangu na wenzake watatu wamepatikana na hatia ya mauaji katika Mahakama Kuu ya Kakamega. Shahidi alimwona pale lakini hakusema alipiga. Mwenzake mmoja alikiri kwa polisi na kumtaja. Je, Mahakama ya Rufaa inaweza kumwachilia?

JIBU: Pole sana, dada. Inaweza, ila msiende mbele ya Mahakama ya Rufaa huko Kisumu na hoja ya "hakupiga" peke yake. Kifungu cha 21 cha Kanuni ya Adhabu kinasema waliokusudia pamoja jambo haramu wote hubeba kosa linalotokana na utekelezaji wake, ikiwa lingeweza kutarajiwa. Si lazima njama iwe imepangwa kikaoni. Nia hiyo huweza kuzaliwa papo hapo. Katika kesi ya Tabulayenka ya 1943, mahakama ilisema huonekana kwa kuwapo kwao, kwa matendo yao, na kwa mtu kutojitenga na shambulio.

Hapo ndipo pa kupigania. Hii ni rufaa ya kwanza, na tangu kesi ya Okeno ya 1972 majaji wana wajibu wa kuupima ushahidi wote upya, wakikumbuka tu kwamba hawakuwaona mashahidi wakizungumza. Kila mshtakiwa hupimwa kivyake. Kwa hiyo chukueni nakala ya mwenendo wa kesi, mpige mstari kila anapotajwa kaka: alifika na nani? Alishika nini? Alizuia njia? Kama ilikuwa usiku, mwanga ulitoka wapi, na shahidi alikuwa hatua ngapi kutoka alipokuwa yeye? Jina lake lilitajwa siku ile ile kwenye OB, yaani kitabu cha matukio cha polisi, au lilizuka baadaye? Nimeona rufaa nyingi zikiandikwa kwa jumla, za washtakiwa wote kwa pamoja, na huyo aliyesimama pembeni akamezwa na ushahidi wa wenzake. Inaniuma.

Kukiri kwa mwenzake, kifungu cha 32 cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu kuzingatiwe dhidi ya kaka, lakini ni ushahidi dhaifu. Bila mwingine wa kuuegemeza, hautoshi kumfunga.

Majaji wakiona nia ya kuua au ya kujeruhi vibaya haikuthibitishwa, wanaweza kubadilisha kosa liwe la kuua bila kukusudia. Na hata hatia ya mauaji ikibaki, hukumu ya kifo si ya lazima tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Kenya katika kesi ya Muruatetu ya 2017, hivyo kateni rufaa dhidi ya adhabu pia.

Notisi ya rufaa huwasilishwa ndani ya siku 14 baada ya uamuzi. Kama zimepita, pelekeni sasa ombi la kuongezewa muda, na sababu ya kuchelewa ielezwe kwa kiapo.