Kabla hujaandika insha ya Kiingereza chuoni, soma malengo ya kozi

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisahihisha insha za wanafunzi wa mwaka wa kwanza, za kozi ya uandishi na za fasihi ya Kiingereza. Swali linalonijia kuliko yote ni hili: "Mbona nimepata alama hizi na sarufi yangu haina kosa?" Jibu huwa liko kwenye muhtasari wa kozi, pale palipoandikwa malengo ya kujifunza. Wengi huiruka sehemu hiyo wakikimbilia tarehe za mitihani.

Malengo hayo ni mwongozo wa kusahihishia uliovishwa lugha kavu. Msahihishaji hakai kujiuliza kama wewe ni mwandishi mzuri. Anatazama kama umefanya kile ambacho kozi ilisema utaweza kukifanya.

Nchini Marekani, baraza la wasimamizi wa programu za uandishi vyuoni lilipitisha mwaka 2000 tamko la malengo ya kozi ya uandishi ya mwaka wa kwanza. Toleo lake la 2014 lina makundi manne: kuielewa hadhira na kusudi la andiko, kusoma na kufikiri kwa uhakiki, mchakato wa kuandika, na kanuni za uandishi. Chuo chako huenda kimejitungia malengo yake, lakini ukiyachunguza utayaona mambo hayo kwa majina mengine. Sarufi na tahajia zimo katika kundi la nne, tena zimebanana humo na mpangilio wa andiko na namna ya kutaja vyanzo. Anayekesha akiwinda makosa ya sarufi peke yake anapigania kipande cha kundi moja. Sarufi ina kazi yake, maana sentensi isiyoeleweka haibebi hoja. Ila zamu yake ni mwisho.

Alama nyingi hupotelea kwenye mchakato. Lengo husema mwanafunzi ataandika rasimu na kuzirekebisha, naye mwanafunzi anadhani kurekebisha ni kubadili neno hapa na kuweka koma pale. Fanya hivi: ukimaliza rasimu ya kwanza, andika pembeni ya kila aya sentensi moja inayosema aya hiyo inadai nini. Kisha zisome sentensi hizo peke yake, kutoka juu hadi chini. Aya mbili zikidai jambo lilelile, futa moja. Aya ambayo huwezi kuiandikia sentensi bado haina dai. Mara nyingi sana utakuta hoja yako halisi imejificha kwenye aya ya mwisho, kwa kuwa ndipo ulipoanza kuelewa ulichokuwa unakitafuta. Ipandishe juu, uandike upya kuanzia hapo. Inauma, najua, hasa kama kazi inatakiwa kesho asubuhi, na ndiyo maana rasimu ya kwanza haipaswi kuandikwa usiku wa mwisho.

Kwenye fasihi, kitenzi cha kukiangalia ni "kuchanganua". Insha nyingi ninazosoma zinasimulia tu: fulani alifanya hivi, kisha likatokea lile. Mhadhiri ameshasoma kitabu, hahitaji kusimuliwa. Jipime kwa njia hii: mtu aliyeisoma riwaya hiyohiyo anaweza kukubishia? "Msimulizi ni mtoto" ni taarifa tu. "Kwa kuwa msimulizi ni mtoto, msomaji anaiona hatari kabla yake, na hofu yote ya riwaya inatoka kwenye pengo hilo" ni hoja, na mtu anaweza kuipinga kwa kurudi kwenye maandishi yenyewe. Ukinukuu, nukuu kifupi, kisha maneno yako juu ya nukuu yawe mengi kuliko nukuu yenyewe. Usimchanganye mwandishi na msimulizi, wala mshairi na nafsineni, yaani sauti inayosema ndani ya shairi. Na kumbuka kwamba katika insha za Kiingereza, yanayotokea ndani ya hadithi huelezwa kwa wakati uliopo.

Kutaja vyanzo kunaogopwa bure. Mtindo wa MLA, unaotumika sana kwenye fasihi, unataka jina la mwandishi na namba ya ukurasa, kwa sababu msomaji wako atataka kwenda kwenye mstari uleule akaone kama umeusoma sawasawa. Mtindo mwingine, APA, unaweka mwaka karibu na jina, maana katika sayansi za jamii upya wa utafiti una uzito. Ukishaijua sababu, kanuni yenyewe haisumbui kuikumbuka.

Kuna malengo mengine utayakuta yameandikwa kwa ajili ya kuiridhisha kamati tu. "Kuthamini fasihi", kwa mfano. Sijawahi kuona mtu akipewa alama kwa kulipenda shairi. Yapite.

Ukienda kumwona mhadhiri, usimwulize kama insha yako ni nzuri. Hilo atalijibu kwa adabu na utatoka mikono mitupu. Mpelekee aya moja na lengo moja, umwulize: "Hapa nimechanganua, au bado nasimulia?" Atakuonyesha sentensi yenyewe. Nenda mapema, zikiwa zimebaki siku za kutosha kuandika upya.